Sura ya Saba: Kwa Nini Tunavuliwa Viatu Embakasi?

Swali hili huulizwa kila mara familia ya Pipeline, Umoja au Kayole inapomsindikiza mtu wao anayekwenda Saudia, Qatar au Marekani. Gari likifika kituo cha ukaguzi cha nje, kabla hata hujalikaribia jengo la abiria, wote wanaambiwa washuke isipokuwa dereva. Mama mzee anapita langoni kwa miguu na mkoba wake unaingizwa kwenye mashine. Mlangoni mwa jengo msafiri anaagwa, maana wasindikizaji hawaingii. Akiingia anavua mshipi, saa na viatu. Akishapata pasi ya kupandia ndege na kugongewa muhuri wa uhamiaji, anapekuliwa tena. Jamaa zake wakirudi nyumbani na basi la 34 wanaulizana: yote haya yanasaidia kweli, au ni usumbufu mtupu?

Sisi wa Eastlands tuna haki ya kuliuliza swali hili kuliko wengi. Kabla ya 1958 ndege za abiria za Nairobi zilitua Eastleigh, palipo leo kambi ya Jeshi la Anga. Uwanja wa Embakasi, ambao sasa ni Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, ulijengwa kwa jasho la watu waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari. Mpaka leo wengi wanaouendesha, yaani wapakiaji mizigo, wasafishaji, madereva na wakaguzi wenyewe, wanalala Tassia, Fedha, Pipeline na Utawala. Kwa hiyo katika ukaguzi tupo pande zote mbili: tunapekuliwa, na tunapekua.

Jibu langu nitalitoa mapema. Ukaguzi wa abiria unasaidia, na kuna ushahidi. Lakini unachozuia ni sehemu ndogo ya hatari kuliko tunavyoaminishwa, na sehemu inayobaki haiondolewi kwa kumvua mama mzee viatu mara ya tatu.

Palipofanikiwa

Zamani mtu alipanda ndege karibu kama anavyopanda basi. Kati ya 1968 na 1972 Marekani pekee ilipata visa zaidi ya 130 vya utekaji nyara wa ndege, yaani mtu kuilazimisha ndege kwa vitisho iende atakako yeye. Tarehe 5 Januari 1973 nchi hiyo ikaamuru kila abiria na kila begi la mkononi vikaguliwe. Mwaka huohuo visa hivyo vikapungua vikawa vya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ukaguzi haukuwa sababu pekee, lakini hakuna anayeweza kuubeza.

Afrika Mashariki tulipata somo letu mwaka 1976. Ndege ya Air France iliyotekwa tarehe 27 Juni na kupelekwa Entebbe ilikuwa imetoka Tel Aviv, na watekaji walipanda na silaha zao Athens, ilipotua njiani. Hivyo ulinzi wa safari nzima ulikuwa na nguvu za kituo chake kilicholegea zaidi, na ndiyo sababu hata abiria anayebadilisha ndege tu Nairobi hupekuliwa upya, ingawa alishapekuliwa alikotoka.

Kazi ya kwanza ya ukaguzi, basi, ni kuifunga njia rahisi. Mtu mwenye hasira na bastola mfukoni leo hajaribu. Anayetaka kujaribu inambidi atafute wenzake, vifaa vya pekee na muda, na kila anachoongeza kinampa mtu mwingine nafasi ya kumgundua.

Mashine inaona nini

Lango unalopita kwa miguu ni kigunduzi cha chuma. Linahisi chuma na halihisi kitu kingine chochote, kwa hiyo baruti iliyofungwa kwenye plastiki inapita bila lango kulia. Ndiyo maana wakati mwingine mkaguzi anakufuta viganja au begi kwa kitambaa kidogo na kukiingiza kwenye mashine nyingine, ile inayonusa chembechembe za vilipuzi.

Mashine ya mizigo inatumia eksirei, mionzi ileile inayopiga picha mfupa uliovunjika. Picha yake ina rangi. Vitu vya asili ya mimea, wanyama au mafuta, kama chakula, karatasi na plastiki, huonekana rangi ya machungwa. Chuma huwa bluu, na vitu vya mchanganyiko huwa kijani. Tatizo ni kwamba vilipuzi vingi navyo huangukia rangi ya machungwa, pamoja na unga wa ugali, sabuni na siagi ya karanga. Mkaguzi anachotafuta ni umbo: waya, betri na donge la machungwa vikiwa vimepangwa pamoja. Kompyuta ya mkononi unaombwa uitoe kwa sababu betri yake nzito inaweza kuficha kitu kilicho chini yake.

Kanuni nyingi unazozikuta zilizaliwa na tukio moja moja. Viatu vinatokana na tarehe 22 Desemba 2001, Mwingereza Richard Reid alipojaribu kuwasha kilipuzi kilichofichwa ndani ya kiatu katika ndege ya kutoka Paris kwenda Miami. Kikomo cha mililita 100 cha vitu vya majimaji kilitokana na njama iliyogunduliwa Uingereza Agosti 2006, ya kulipua ndege kwa vimiminika vilivyotiwa kwenye chupa za vinywaji. Eksirei ya kawaida haikuweza kutofautisha soda na kimiminika cha kulipuka, basi suluhisho likawa kupunguza kiasi. Siku hizi viwanja kadhaa vya dunia vina mashine za CT, teknolojia ya hospitalini inayopiga picha ya kitu kwa kila upande, na huko kanuni ya chupa imeanza kulegezwa. Marekani yenyewe iliacha kuwavua viatu abiria wa kawaida Julai 2025. Kanuni huingia haraka baada ya woga, na kutoka kwake huchukua miaka.

Kwa ufupi: lango linajua chuma, eksirei inajua rangi na umbo, kitambaa kinajua chembe. Hakuna hata kimoja kinachojua nia ya mtu.

Jicho linalochoka

Anayeamua ni mtu aliyeketi mbele ya kioo. Tumtazame kidogo, kwa sababu ndiye anayelaumiwa na wote.

Uwanja wa Jomo Kenyatta hupitisha takriban abiria milioni 8 kwa mwaka. Tuseme, kwa mfano tu wa hesabu, kwamba watu 10,000 wanaondoka kwa siku na kwamba mashine inakosea mara moja kwa kila watu 100. Hao ni watu 100 wasio na hatia wanaosimamishwa kila siku, na zaidi ya 36,000 kwa mwaka, na huenda katika wote hao asiwepo hata mmoja mwenye bomu. Mkaguzi anajifunza kwa mazoea kwamba lango likilia ni mshipi, bangili au sarafu. Ubongo wa binadamu haukuumbwa kutafuta kwa bidii kitu ambacho haujawahi kukiona.

Kwa sababu hiyo sheria za Ulaya zinataka mkaguzi asiangalie kioo mfululizo zaidi ya dakika 20, kisha apumzike angalau dakika 10. Kuna pia programu inayopachika picha ya bunduki au bomu la uongo ndani ya picha ya begi halisi ili kumweka macho, na akibonyeza kitufe inamwambia kuwa lilikuwa jaribio. Hata hivyo makosa hayaishi. Mwaka 2015 zilivuja habari za majaribio ya siri katika viwanja vya Marekani: maafisa waliojifanya abiria walibeba silaha na vilipuzi vya bandia, wakafanikiwa kupita mara 67 kati ya 70. Hiyo ni nchi yenye bajeti ambayo sisi hatuioti.

Nasi tuna matatizo yetu ya pekee. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na sehemu ya uwanja wetu ikabaki gizani kwa sababu jenereta haikuwaka. Tarehe 6 Machi 2019 wafanyakazi walipogoma kupinga mpango wa kuukabidhi uwanja kwa Kenya Airways, wanajeshi wa anga waliletwa kushika kazi ya ukaguzi. Kuketi mbele ya kioo cha eksirei ni ujuzi unaojengwa kwa miezi, na asubuhi ile waliokuwa nao walikuwa nje na mabango.

Ndege mbili zilizokuwa zikija Nairobi

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na mifano miwili iliyo wazi zaidi ni ya ndege zilizokuwa njiani kuja kwetu.

Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 961, iliondoka Addis Ababa kuelekea Nairobi ikiwa na watu 175. Vijana watatu wakaingia kwenye chumba cha marubani. Walichukua shoka la dharura na mtungi wa kuzimia moto, vifaa vya ndege yenyewe, na mmoja akainua chupa iliyofunikwa akisema ni bomu. Walidai wapelekwe Australia. Rubani Leul Abate aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, wakakataa kuamini. Mafuta yakaisha juu ya Bahari ya Hindi na ndege ikaangukia majini karibu na ufuo wa Ngazija, Komoro. Watu 125 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kuwa ile chupa ilikuwa ya pombe.

Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Mohamed Amin, mpiga picha aliyezaliwa Eastleigh mwaka 1943, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za 1984 ziliifanya dunia ichangie. Mtoto wetu wa Eastlands, aliyenusurika vita kadhaa na kupoteza mkono kazini, aliuawa na shoka ambalo halikupita kwenye ukaguzi wowote na bomu ambalo halikuwapo. Ungeweka mashine gani pale Addis Ababa ingenasa uongo?

Kisa cha pili kiliisha vizuri. Tarehe 29 Desemba 2000 ndege ya British Airways, namba 2069, ilikuwa ikitoka London kuja Nairobi na watu karibu 400. Alfajiri, juu ya Sudan, abiria mmoja mwenye maradhi ya akili aliingia kwenye chumba cha marubani, ambacho hakikuwa kimefungwa, akaushika usukani. Ndege ikaporomoka maelfu ya futi. Marubani na abiria walimkamata, ndege ikanyooshwa, na ikatua Embakasi salama. Mtu yule hakuwa na silaha yoyote. Angepekuliwa mara kumi, mara zote kumi angepita.

Dawa ya visa vyote viwili ilikuwa mlango. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchi za dunia zilikubaliana kwamba kufikia tarehe 1 Novemba 2003 ndege kubwa za abiria ziwe na mlango wa chumba cha marubani usiovunjika kwa urahisi na unaofungwa kwa ndani. Mimi naamini mlango huo, pamoja na abiria waliojifunza kutokaa kimya, umeokoa watu wengi kuliko viatu vyote vilivyowahi kuvuliwa. Nao una kasoro yake: tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa Germanwings alimfungia mwenzake nje na kuibamiza ndege kwenye milima ya Ufaransa, wakafa watu 150. Kila kinga ina upande wake wa nyuma, na wanaoibuni lazima waufikirie mapema.

Nje ya ua

Upekuzi wa abiria unalinda mlango wa mbele tu. Asubuhi ya tarehe 28 Novemba 2002, ndege ya kampuni ya Arkia ya Israeli iliondoka Mombasa na abiria 261. Makombora mawili ya kubebwa begani yalifyatuliwa kutoka nje ya uwanja yakaikosa. Muda huohuo hoteli ya Paradise, Kikambala, ililipuliwa kwa gari, wakafa Wakenya na wageni wao. Wale abiria 261 walikuwa wamekaguliwa ipasavyo, na aliyewalenga hakuwa na haja ya kukaribia mlango.

Tarehe 30 Juni 2019 mtu aliyejificha kwenye chumba cha magurudumu cha ndege ya Kenya Airways, KQ100, alianguka kwenye bustani ya nyumba moja Clapham, London, ndege ilipokuwa ikishuka kutua Heathrow. Wazamiaji wa namna hii hufa kwa baridi na kukosa hewa. Alikuwa binadamu aliyetafuta maisha, na kifo chake kinauma. Lakini mlinzi yeyote makini aliyesoma habari ile alijiuliza jambo jingine: kama mtu aliweza kuifikia ndege ya London na kupanda kwenye magurudumu yake, kilo kumi za kitu kingine zingeshindwa nini?

Mwenye ufunguo

Kisa kinachopaswa kutunyima usingizi zaidi kilitokea kwa majirani. Tarehe 2 Februari 2016 ndege ya Daallo Airlines iliondoka Mogadishu kwenda Djibouti na abiria 74. Dakika chache baada ya kuruka, mlipuko ulitoboa tundu ubavuni. Marubani wakairudisha Mogadishu, na aliyekufa ni mlipuaji peke yake, aliyetolewa nje na nguvu ya hewa. Bomu lilikuwa ndani ya kompyuta ya mkononi. Kamera za uwanja zilionyesha alivyoipata: wafanyakazi wa uwanja walimkabidhi akiwa ameshavuka ukaguzi.

Ni sawa na ploti ya ghorofa saba kule Pipeline ambayo landilodi ameitia geti la chuma na kamera, kisha ufunguo wa nyuma uko kwa fundi asiyelipwa miezi mitatu. Wapangaji wanapekuliwa kila jioni, na mwizi anaingia na ufunguo.

Kinachoitwa eneo la ndege, yaani sehemu yote iliyo ndani ya ua ambako ndege zinapakiwa, kujazwa mafuta na kusafishwa, kina maelfu ya wafanyakazi wanaoingia na kutoka kwa zamu. Wengi wameajiriwa na makampuni ya kandarasi kwa mikataba mifupi. Nimeishi na watu hawa kama majirani. Wananipa sababu ya kuwaamini kuliko ya kuwashuku. Lakini mtu anayedaiwa kodi, anayeamka saa tisa usiku kutembea kutoka Tassia kwa sababu hana nauli, na asiyejua kama mkataba wake utaendelea mwezi ujao, tumemweka mahali ambapo mtu mwenye bahasha nene anaweza kumkuta. Mshahara wake ni sehemu ya usalama wa ndege sawasawa na eksirei, na haujawahi kuwekwa katika bajeti ya usalama.

Kwa ufupi: ukaguzi wa abiria hauoni kombora la nje ya ua, hauoni mzamiaji, na hauoni mkono wa mfanyakazi unaompa abiria kitu akishapita.

Wajir, Eastleigh, na kuchagua kwa sura

Kwa miaka mingi ndege za abiria kutoka Mogadishu hazikuruhusiwa kuja Nairobi moja kwa moja. Zilitua Wajir kwanza, abiria wakashuka na mizigo yao, wakapekuliwa upya, ndipo zikaendelea. Serikali haikuamini ukaguzi wa upande ule, na Daallo ilithibitisha kuwa hofu haikuwa bure. Gharama zilibebwa na wafanyabiashara wa Eastleigh, wagonjwa na familia. Naona utaratibu ule ulikuwa na mantiki kwa sababu ulihukumu uwanja, na abiria wote wa ndege ile, awe mbunge au mama mwenye mtoto, walipitia jambo moja.

Kisichokuwa na mantiki ni kuhukumu sura. Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya wakazi wa Eastleigh na mitaa ya jirani walikamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa michezo wa Kasarani kuthibitisha wao ni nani. Hadi leo kijana wa Kisomali kutoka Eastleigh akifika uwanja wa ndege anajua ataitwa kando. Mbali na dhuluma yake, mbinu hii ni dhaifu kiulinzi. Reid wa viatu alikuwa Mwingereza mzaliwa. Yule wa Germanwings alikuwa rubani Mjerumani mwenye sare. Na jamii inayodhalilishwa kila siku ndiyo hiyohiyo inayotarajiwa kutoa habari za siri ikiona jambo baya. Nani atampigia simu askari aliyemdhalilisha mama yake?

Mbona Country Bus hakuna?

Kuna swali la pili ambalo huulizwa Eastlands tu. Watu wanasema: uwanja wa ndege una ukaguzi mara tatu, na sisi tuliolipuliwa tulikuwa kwenye matatu.

Ni kweli. Tarehe 10 Machi 2012 maguruneti yalirushwa kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus. Tarehe 18 Novemba mwaka huohuo matatu ililipuliwa Eastleigh. Tarehe 16 Mei 2014 milipuko miwili iliua watu wasiopungua 10 Gikomba. Baada ya hapo tuliona askari wa kampuni za ulinzi wenye vijiti vya kugundua chuma kwenye milango ya maduka makubwa na mabasi ya safari ndefu. Kijiti kinapitishwa mgongoni, kinalia, na abiria anapita. Kila mtu anajua kwamba kililia na kila mtu anajua kwamba hakuna kilichofuata.

Nisingependa kuona Gikomba ikiwekewa milango ya eksirei. Soko lenye vichochoro mia haliwezi kufungwa, na foleni ndefu ya watu langoni ingekuwa ndiyo shabaha mpya. Hata uwanja wa ndege una tatizo hilo: ukaguzi wa nje unaokusanya watu pamoja unahamisha hatari kutoka jengoni hadi barabarani, na ndiyo maana kasi ya foleni nayo ni usalama. Ila ile hasira ya watu wa Gikomba ni ya haki. Fedha ya ulinzi inafuata wenye pasipoti. Gikomba ingehitaji njia pana za kukimbilia, gari la wagonjwa linaloweza kuingia, na polisi ambao mwenye kibanda anaweza kuwaeleza alichokiona bila kuombwa kitu.

Kilichonasa kweli

Ukiorodhesha njama zilizozimwa karibu nasi, utaona nyingi hazikunaswa na mashine. Januari 1976, hapahapa Nairobi, watu walikamatwa karibu na uwanja wa ndege wakiwa na makombora ya kuiangusha ndege ya El Al, shirika la ndege la Israeli. Walinaswa kwa habari za kijasusi. Aprili 2025 vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa Naivasha na sisimizi 5,000 hivi, wengi wao malkia, ndani ya mirija iliyotiwa pamba. Mahakama ya uwanja wa ndege ilielezwa kuwa mirija ile ilitengenezwa iwaweke hai na iwavushe kwenye ukaguzi. Hapo pia aliyewanasa ni mtu aliyetoa habari. Mei mwaka huo kila mmoja alitozwa faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha mwaka mmoja.

Kisa kinachomhusu zaidi msafiri wa kawaida ni cha tarehe 17 Aprili 1986. Mwanamke wa Ireland, mjamzito, alifika Heathrow kupanda ndege ya El Al kwenda Israeli. Begi alipewa na mchumba wake, Nezar Hindawi. Lilikuwa limepita ukaguzi wa kwanza bila tatizo. Maafisa wa El Al wakamuuliza maswali ya kawaida: unakwenda kwa nani, utalala wapi, begi umepakia mwenyewe? Majibu hayakukaa sawa. Chini ya kitako cha begi kulikuwa na kilo moja na nusu ya kilipuzi. Mama yule hakujua lolote. Hindawi alifungwa miaka 45.

Swali lile la kaunta, ambalo wengi tunalijibu "ndiyo" kabla halijamalizika kuulizwa, lina historia hii. Nalo linagusa mazoea yetu. Kila anayekwenda Ughaibuni hubebeshwa: unga wa wimbi wa shangazi wa Doha, dawa za mtoto wa jirani, bahasha ya rafiki wa rafiki. Wauzaji wa dawa za kulevya wanaujua ukarimu huu vizuri.

La kudai, na la kufanya

Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Kenya ikitangaza mashine mpya, mbunge wako wa Embakasi au Kamukunji aulizwe mambo haya:

- Mkaguzi anapumzika baada ya dakika ngapi mbele ya kioo, na nani anahakikisha?
- Wafanyakazi wa eneo la ndege wanapekuliwa wanapoingia zamu kama abiria wanavyopekuliwa?
- Makampuni ya kandarasi yanalipa mishahara kwa wakati, na mkataba mfupi kabisa ni wa muda gani?
- Ua unakaguliwa usiku na nani?
- Mfanyakazi akiona jambo baya analiripoti kwa nani bila kupoteza kazi?

Ningepewa mimi bajeti, ningeondoa ukaguzi mmoja wa abiria unaorudia kazi ya mwingine na kuzipeleka fedha zake kwenye orodha hiyo. Ukaguzi unaobaki ningeutaka uwe wa haraka, wa heshima, na unaomtazama kila mtu kwa jicho moja.

Nawe unayesafiri wiki ijayo, mpe mkaguzi ushirikiano, kwa maana yaelekea ni jirani yako na yuko kwenye saa yake ya nane. Mzigo wa mtu usioufungua na kuutazama mwenyewe mpaka chini, usiubebe, hata kama ni wa shangazi.